Chini ya Futi Mia Tano

Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa.

Othmar Hyera aliitazama bila kuigusa. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya bawa lililovunjika, kichwa na mabega ndani ya chumba cha rubani, tochi mdomoni. Koki ilikuwa sakafuni kati ya viti viwili, kipande cha chuma cha rangi nyekundu, na mshale wake ulielekea upande wa kufunga. Aliipiga picha, akaipiga tena kutoka upande wa pili, kisha akajirudisha nyuma taratibu na kushuka kwenye matuta ya mihogo ya Ngumbo, kando ya ziwa.

"Umeiona?" aliuliza Augustino Mbunda.

"Nimeiona."

"Mimi niliiona tangu nilipofika. Nikasema nisiguse chochote, nikusubiri."

Augustino ndiye aliyekuwa mwenye shule ya urubani kule Songea, na ile ndege ndogo ya njano iliyolala ubavu ikiwa imekumbatia mkorosho ilikuwa mali yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye kutoka jasho, na tangu asubuhi alikuwa amejifuta uso kwa leso ileile hadi ikawa kama tambara la jikoni.

"Basi mambo yako wazi," alisema. "Lilikuwa zoezi la kutua kwa dharura. Mwalimu anapunguza nguvu, wanajifanya injini imekufa, mwanafunzi anatafuta pa kutua. Wakishakaribia, mwalimu anasema haya, ongeza nguvu tupande. Yule binti, mwanafunzi wake, akachanganyikiwa. Badala ya kusukuma mkono wa nguvu, akafunga mafuta. Injini ikafa kweli, na mwalimu wangu Cuthbert akafa nayo."

"Inawezekana," alisema Hyera.

Alikuwa amechunguza ajali za ndege kwa miaka mingi, na neno hilo ndilo alilolitumia zaidi. Aliwajibu hivyo wenye ndege, wanasheria na wajane, na kila mmoja aliondoka akiamini amekubaliwa.

Alizunguka mbele ya ndege. Propela ilikuwa na mapanga mawili. Moja lilikuwa limepindwa kuelekea nyuma, jingine limenyooka kama lilivyotoka kiwandani. Alimwita Sajenti Marselina, polisi aliyepewa amsindikize kutoka Mbamba Bay, mama wa makamo aliyevaa kofia ya sare na kandambili, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimelowa wakati wakivuka mto.

"Injini ingekuwa na nguvu, haya yote mawili yangejikunja kama majani ya mgomba," alimwambia. "Hili limepigwa likiwa linazunguka kivivu. Kwa hiyo hapo bwana Augustino anasema kweli. Injini haikuwa na nguvu."

"Kwa sababu koki imefungwa."

"Hiyo ndiyo sijui bado."

Walifungua tangi la bawa lililokuwa zima. Mafuta yalikuwamo, safi, hayana maji wala uchafu. Plagi za injini zilikuwa kavu na za rangi nzuri. Hyera alishika propela, akaizungusha kwa mkono, na injini ikamjibu kwa pumzi za kawaida za injini yenye afya. Kisha akarudi ndani kutazama kishikio kimoja kidogo kwenye dashibodi, kile kinacholeta hewa ya moto kwenye kabureta. Kilikuwa kimevutwa hadi mwisho, kama kinavyotakiwa wakati wa kushuka.

"Aliyechanganyikiwa hakumbuki hiki," alijisemea.

Alimkumbuka binti mwenyewe. Jana yake, akipita Mbinga, alikuwa amesimama hospitalini. Glorious Kapinga, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Maguu, alikuwa amelazwa mguu ukiwa umefungwa plasta hadi kwenye paja. Maswali ya mwanzo aliyajibu vizuri, kwa ufupi, kama mtu aliyesoma: walipaa Songea, wakapita juu ya Mbinga, wakafika ziwani, mwalimu akapunguza nguvu, naye akavuta kishikio cha hewa ya moto. Baada ya hapo akaanza kusema hakumbuki.

"Mlikuwa juu kiasi gani mwalimu aliposema mpande?"

"Sikumbuki."

"Wakati wa kushuka mliamsha injini kidogo kidogo, kama mnavyofundishwa?"

"Siku ile hatukuamsha."

"Kwa nini?"

"Mwalimu alikuwa akizungumza."

"Akizungumza nini?"

Binti aligeukia ukutani. "Andika tu kosa ni langu, mzee. Nitasaini."

Baba yake, Raimundi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, aliinamisha kichwa na kushika mikono yake miwili kati ya magoti. Hyera hakuwa ameandika kitu. Watu wanaojitetea aliwazoea. Anayeng'ang'ania kosa humfanya mpelelezi akose usingizi.

*

Aliyewatoa kwenye ndege alikuwa mvuvi aitwaye Aidan. Walimkuta akishona wavu nje ya nyumba yake, na alisimama haraka kumwona polisi.

"Kaa tu, baba," alisema Marselina. "Tunataka kusikia ulivyowaokoa."

"Nilimwokoa mmoja, afande. Mwalimu alikuwa ameshakwenda. Ule upande wake wa kulia ndio ulioupiga mkorosho."

"Ulipofika uliona nini?" aliuliza Hyera.

"Nilisikia harufu ya petroli. Nikaogopa. Nilitaka kurudi nyuma, kusema kweli. Binti akaniita. Alikuwa amebanwa, damu inamtoka puani, lakini sauti yake ilikuwa imetulia, tena ya ukali kidogo. Akaniambia, kaka, kabla hujanivuta, zungusha hicho chekundu hapo chini. Zungusha mpaka kigome. Nikazungusha. Akasema, sasa kata mkanda."

Hyera alimtazama Marselina, naye Marselina akamtazama Aidan.

"Wewe ndiye uliyefunga?"

"Mimi. Nimekosea?"

"Hukukosea. Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Yule bwana mnene alikuja, akaangalia ndani, akasema 'yule binti kafunga mafuta', akaondoka. Hakusema na mimi."

Hyera alimfanya Aidan arudie maelezo yake polepole huku simu ikirekodi, kisha akamwomba aonyeshe kwa mkono jinsi alivyozungusha. Aidan alionyesha: kulia, robo mzunguko. Ndivyo ilivyokuwa koki ile.

Njiani kurudi ufukweni Marselina alisema, "Basi binti ametoka hatiani."

"Ametoka kwenye koki tu. Bado kuna injini iliyokataa kuamka. Ina mafuta, ina moto, ni nzima, na imekataa."

"Shetani?"

"Barafu."

Marselina alicheka kwa sauti, akasimama kujishika kiuno. Jua la Ngumbo lilikuwa likiunguza mchanga, na hata yeye mwenyeji alikuwa akitembea kwa kukwepa. "Barafu, mzee? Hapa?"

"Ndani ya kabureta. Hewa ikipita mle inapoa ghafla. Hii ya ziwani imejaa unyevu, kwa hiyo unyevu unaganda, hata kama nje kuna joto. Ukishuka muda mrefu injini ikiwa imepunguzwa nguvu, nayo inapoa, na ile hewa ya moto uliyoivuta haina tena moto wa kutosha. Ndiyo maana mwalimu humwambia mwanafunzi aiamshe kila baada ya muda. Siku ile hawakuiamsha. Barafu haiachi ushahidi, ikishayeyuka imekwisha. Unaijua kwa kuondoa vingine vyote."

"Kwa hiyo ni bahati mbaya."

"Nusu yake. Zoezi hili lina mpaka. Ukifika futi mia tano kutoka ardhini, unapanda, hata kama ulikuwa unatua vizuri namna gani. Mpaka umewekwa kwa ajili ya siku kama ile. Injini ikisita ukiwa hapo, bado una nafasi ya kuchagua. Tazama ufukwe huu." Alinyoosha mkono. Mchanga ulikuwa mpana, mgumu, umenyooka hadi kwenye mawe ya mbali. "Kutoka futi mia tano, hata mimi ningeitua hapa. Kwa nini wao wameishia kwenye mkorosho?"

Walikuwa wamefika mahali ambapo wanawake walianika usipa. Neti nyeusi zilitandazwa mchangani moja baada ya nyingine, na samaki wadogo wa rangi ya fedha walikauka juu yake. Nyuma tu ya neti hizo, kwenye kingo za shamba la mihogo, kulikuwa na mchirizi mrefu uliochimbwa na ncha ya bawa. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ndege kugusa ardhi. Kutoka hapo hadi mkorosho palikuwa karibu sana.

Wanawake wanne walikuwa pale. Hyera aliwauliza mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, wengine wakiwa mbali.

"Ndege ilikuwa juu sana," alisema wa kwanza. "Usawa wa kile kilima."

"Juu sana," alisema wa pili. "Kama usawa wa kilima kile."

Wa tatu alinyoosha kidole kilimani kabla hajaulizwa. Wa nne aliitwa Notburga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na yeye alimwangalia Hyera moja kwa moja usoni.

"Ilikuwa juu, mzee. Usawa wa kilima. Halafu ikaanguka."

Hyera alimshukuru. Mashahidi wa kweli hawafanani. Mmoja huona ndege ya njano, mwingine huona nyeupe, wa tatu huapa ilikuwa na moto. Hawa walikuwa wamekaa pamoja.

Alitembea pembezoni mwa neti huku mikono ikiwa nyuma. Za hapa zilikuwa zimewekewa mawe mazito kila upande, mawe ya ngumi mbili. Aliendelea hadi kwenye neti za jirani, akaendelea tena hadi za jirani wa jirani. Kule hakukuwa na mawe, ila vijiti vichache tu kwenye pembe.

Alirudi. "Mama Notburga, haya mawe ni ya nini?"

"Upepo."

"Kule upepo hauvumi?"

Notburga alianza kugeuza usipa ambao ulikuwa umegeuzwa tayari.

"Hizi neti ni za nani?"

Marselina ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ni za Mama Cuthbert. Nyumba yake ni ile pale."

*

Msiba ulikuwa umepungua. Mikeka miwili ilikuwa bado barazani, na sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimepangwa ukutani zikisubiri wenyewe. Mama Cuthbert, ambaye watu wa rika lake walimwita Lidia, alikuwa ameketi ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha mbele, kitenge begani. Notburga alikuwa amewatangulia kwa njia ya mkato na sasa alikaa karibu naye kama mlinzi.

"Shikamoo, mama," alisema Hyera. "Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Karibuni mkekani." Alisubiri wakae. "Yule binti anaendeleaje?"

"Mguu umevunjika. Atapona."

"Bwana wa Songea alikuja kwenye mazishi. Akaniambia nisimwekee kinyongo, eti ni mtoto tu, alichanganyikiwa."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia asante."

Kuku mmoja alipanda barazani, Notburga akamfukuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," alisema Hyera, "mimi sikuja kumshtaki marehemu. Kazi yangu haifungi mtu. Nataka kujua kilichotokea ili kisitokee tena, basi. Lakini wapo wengine ambao kazi yao ni kufunga." Alimgeukia Marselina.

"Jalada limefunguliwa, mama," alisema Marselina. "Kusababisha kifo. Wanasubiri binti apone ahojiwe. Na mwenye shule amesema hamrudishi shuleni."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema kosa ni lake," alisema Hyera. "Anataka asaini."

Mama Cuthbert aliushika ukingo wa kitenge chake akaukunja, akaukunjua.

"Nimeona mawe kwenye neti zako," Hyera aliendelea. "Ni hizo tu zenye mawe ufukwe mzima. Kitu fulani kilikuwa kikipita hapa mara kwa mara na kurusha usipa wako, wala si wa jirani. Ndege iliyo usawa wa kilima hairushi usipa."

"Mama Cuthbert, umechoka," alisema Notburga. "Waje siku nyingine."

"Niache niseme, dada."

"Tulishakubaliana."

"Mlikubaliana nyie. Mimi nilikuwa nalia tu." Alijiweka sawa, akamtazama Hyera. "Alianza mwaka jana. Mara ya kwanza alipita juu kabisa, halafu jioni akanipigia simu, mama umeniona? Nikamwambia sijakuona wewe, nimeona chuma. Shuka nikuone. Mimi ndiye niliyemwambia. Basi akawa kila akileta mwanafunzi, anatokea kule ziwani, anaizima, anakuja kimya. Akifika hapa mbele namwona uso. Namwona hadi meno. Kisha anavuta moto anapanda, na usipa wote unaruka, tunaokota tukicheka. Ndipo nikaweka mawe."

"Na siku ile?"

"Siku ile alikuja vilevile. Nilikuwa pale kwenye neti, na hawa wote, na watoto wa Notburga. Nikasubiri mlio. Haukutoka. Ilikohoa tu, mara moja, mara ya pili. Ikawa inatujia. Niliuona mkono wake kwenye kioo ukishika usukani. Akapinda. Bawa likapita juu ya vichwa vyetu, nikasikia upepo wake kwenye masikio. Angenyoosha, angeshuka mchangani pazuri, lakini mchangani tulikuwa sisi."

Notburga alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Alisema kutoka humo ndani: "Mtu amewaokoa watoto wangu. Halafu mimi nimpeleke serikalini akiwa kaburini, niseme alivunja sheria? Ndiyo tukasema ilikuwa juu. Hatukujua kwamba lawama itamwangukia yule binti. Tulijua ni injini. Injini haifungwi."

"Sasa mmejua," alisema Hyera.

Mama Cuthbert alivuta miguu yake, akashika nguzo na kusimama. Alikuwa mfupi kuliko Hyera alivyodhani.

"Gari yenu ina nafasi?"

"Ya kwenda wapi, mama?"

"Mbinga. Wewe utamwambia kama mtu wa serikali. Atakubishia, kama anavyokubishia sasa."

*

Barabara ya kupanda kutoka ziwani ilikuwa mbovu, na walikwenda taratibu hadi walipofika penye baridi na mashamba ya kahawa kuanza kuonekana pande zote mbili. Hapo Mama Cuthbert aliuliza kama binti ana mama. Marselina alimwambia mama yake alifariki zamani. Akaitikia kwa kichwa.

Raimundi Kapinga alipomwona mlangoni mwa wodi alijua ni nani hata kabla hajaambiwa. Aliinuka, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Sisi... tulitaka kuja kuzika. Tukaogopa. Mama, tumekukosea mno."

"Hamjanikosea. Kaa, baba."

Raimundi hakukaa. Alikiokota kile kiti, akakifuta kwa mkono wa shati na kumwekea yeye karibu na kitanda. Mama Cuthbert aliketi. Glorious alimtazama kwa macho ya mtu anayesubiri kupigwa.

"Nimewaambia," alisema Mama Cuthbert. "Yote. Alivyokuwa akishuka, na kwamba mimi ndiye niliyemwita. Usinyamaze tena kwa ajili yake."

"Alinigeuzia upande wake, mama," alisema Glorious. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Alivuta usukani kwa nguvu, akapinda. Ule mti ungekuwa upande wangu. Ningesemaje?"

"Sema kama ilivyokuwa. Alikuwa akikuambia nini, mlipokuwa mnashuka?"

Binti alifuta pua kwa nyuma ya kiganja. "Alisema nitazame upande wangu wa kushoto, ufukweni. Akasema, yule anayepunga ni mama yangu. Mpungie, maana mimi nimeshika usukani. Ndiyo maana tukasahau kuamsha injini. Mimi nilikuwa nakupungia wewe."

Mama Cuthbert aliutazama mkono wa binti juu ya shuka.

"Niliuona mkono," alisema hatimaye. "Kabla haijakohoa. Mkono unapunga. Nimelala nao siku zote hizi nikidhani ni wake."

Glorious alianza kulia, kwa sauti, kama mtoto, na wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Mama Cuthbert hakumkumbatia. Aliushika ule mkono wake juu ya shuka, akauweka kwenye paja lake mwenyewe na kuufunika kwa viganja vyake viwili, akakaa hivyo hadi kilio kilipopungua.

Hyera alisubiri dirishani. Kisha akavuta stuli, akaweka simu yake kitandani ikiwa inarekodi, akataja tarehe, mahali, na majina ya waliokuwepo.

"Glorious, naanza upya. Ukichoka sema. Wakati injini inakohoa, mlikuwa juu kiasi gani?"

Binti alimtazama Mama Cuthbert, naye akamwitikia kwa kichwa.

"Chini sana, mzee," alisema. "Niliona maua ya kitenge chake."